Barua za benki zilizoishia njiani: kisa cha forwadi kwenye seva ya pamoja

Kampuni hii ni ya uwakala wa forodha, Dar es Salaam, wafanyakazi wachache na kazi nyingi. Tovuti na barua pepe zake zimepanga kwenye seva ya pamoja, zile zinazolipiwa kwa mwaka na kusimamiwa kwa cPanel (paneli ya kuendesha seva kupitia kivinjari), ambako programu inayobeba barua ni Exim. Anwani zao ni za kawaida: info, hesabu, nyaraka, na ya mkurugenzi. Hakuna hata moja iliyokuwa na kisanduku. Kila anwani ilikuwa mstari mmoja tu kwenye faili la kikoa chao (jina lao la intaneti) ndani ya /etc/valiases: kushoto anwani ya kampuni, kulia Gmail binafsi ya mhusika. Barua ikiingia inaforwadiwa, basi.

Wala hawakufanya ujinga. Gmail inatoa GB 15 bure, wakati kifurushi chao cha seva kilikuwa na nafasi ndogo, na hiyo ndogo visanduku viigawane na tovuti. Wakala wa forodha anapokea skani za hati za shehena na ankara kutwa nzima. Kisanduku kingejaa kabla mwezi haujaisha. Tena kila mtu pale ofisini tayari alikuwa na Gmail kwenye simu. Ungewauliza mafundi wengi wa hapa mjini, wangewafungia mpango huohuo.

Malalamiko yalianzia kwa mhasibu. Taarifa za akaunti kutoka benki zilikoma kuingia, bila onyo wala barua ya marejesho. Baadaye ikawa hivyo kwa taarifa za kuwasili kwa meli kutoka shirika moja la meli, na kontena la mteja likapitiliza siku za bure bandarini. Wakati huohuo barua za wateja, za madereva na za mawakala wenzao ziliendelea kufika kama kawaida. Hilo la mwisho ndilo lililowapoteza wote. Kwa kuwa barua nyingi zilikuwa zinafika, ilionekana wazi kwamba forwadi ni nzima na kasoro iko kwingine. Benki ililaumiwa, intaneti ya ofisi ikalaumiwa, na kijana wa nyaraka akashukiwa kuwa anafuta barua ili asionekane amechelewesha kazi. Mkurugenzi aliponipigia aliuliza swali moja: "Fundi, nani anakula barua zetu?"

Jibu lilikuwa kwenye logi ya Exim, daftari la kila barua iliyopita, muda wote. Asiyeizoea akumbuke alama nne tu: <= ni barua iliyoingia, => ni iliyokabidhiwa salama, == ni iliyoahirishwa ili ijaribiwe tena, na ** ni iliyokataliwa moja kwa moja. Ukitafuta kwa exigrep, amri ya kupekua logi hiyo, anwani ya hesabu, hadithi inajipanga yenyewe. Barua ya benki inaingia. Sekunde chache baadaye inapelekwa Gmail. Kisha mstari wa **, na mbele yake namba 550 5.7.26: Gmail inakataa kwa sababu barua haijathibitishwa na sera ya DMARC ya mtumaji (agizo la mwenye kikoa kuhusu barua zisizothibitishwa) inaagiza ikataliwe. Barua za shirika la meli, vivyo hivyo. Barua za wateja zina =>.

Fundi aliyekuwa akiwahudumia kabla yangu alikuwa ameshawasha SRS, mbinu ya kuandika upya anwani ya mtumaji barua inapoforwadiwa, kwenye seva nzima, na kwa haki kabisa aliamini kwamba suala la forwadi amelimaliza. Wengi wanaamini hivyo.

Kila barua pepe ina anwani mbili za mtumaji. Moja ni ya bahasha, ambayo seva zinaambiana wakati wa kukabidhiana barua, na ndiko marejesho yanakorudi. Nyingine ni ile anayoiona msomaji juu ya barua. Kwa kawaida zinafanana, lakini hakuna kinachozilazimisha. SPF, ukaguzi wa seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa, inaangalia ya bahasha: je, IP hii (namba ya seva kwenye intaneti) inayoleta barua imeorodheshwa na kikoa cha bahasha? Sasa seva ya pamoja inapoforwadi barua ya benki kwenda Gmail, IP inayobisha hodi Gmail ni ya seva ya pamoja, na benki haijawahi kuiorodhesha wala haina sababu ya kuiorodhesha. SPF inaanguka. SRS ilibuniwa kuziba tundu hilo: seva inayoforwadi inaiandika upya anwani ya bahasha ili isomeke ni ya kikoa chake yenyewe, na ya asili inafichwa ndani, kwa umbo kama SRS0=x7Qz=K4=benki.example=taarifa@kampuni.example. Vile vipande viwili vya mwanzo ni muhuri wa siri na alama ya muda, kuzuia mtu wa nje asiitumie seva kurushia marejesho ya uongo. Gmail ikikagua SPF ya bahasha mpya inakuta kila kitu sawa, maana kikoa cha kampuni kinaitambua IP ya seva yake.

Ila DMARC haiulizi kama SPF imepita. Inauliza kama kikoa kilichopita ndicho hichohicho anachokiona msomaji. Msomaji anaona benki; SPF imepita kwa jina la kampuni ya forodha. Kwa hesabu za DMARC hiyo ni sifuri. Inabaki DKIM, sahihi ya kidijitali ambayo benki huiweka kwenye barua yenyewe, na ambayo haijali barua imepita kwenye IP gani, mradi isiguswe njiani. Kwa hiyo barua iliyoforwadiwa kutoka kwa mtumaji mwenye sera kali inaning'inia kwenye uzi mmoja tu. Uzi huo ukikatika, SRS haikusaidii chochote.

Nilituma barua ya majaribio kupitia kila anwani, nikaifungua Gmail na kutazama barua asili pamoja na vichwa vyake vyote. SPF imepita, kwa kikoa cha kampuni. DKIM imeshindwa. DMARC imeshindwa. Kwa nini basi barua ya majaribio iliingia? Kwa sababu kikoa nilichoitumia kilikuwa na sera ya p=none, yaani "nijulishe tu, usizuie." Ukiuliza kwa dig, amri ya kusoma rekodi za vikoa, rekodi ya _dmarc ya benki, unakuta p=reject, yaani "ikatae." Ya shirika la meli, p=reject. Za wateja wao wengi, p=none au hakuna rekodi kabisa. Kwa hiyo waliojilinda vizuri ndio waliopotea, na waliojiachia ndio waliofika. Ndiyo maana ofisi nzima ilidanganyika.

Swali likawa ni nani aliyeikata ile DKIM. Sikwenda mbali. Nyuma kidogo kampuni ilikuwa imeponea chupuchupu kulipa ankara bandia, iliyotumwa na mtu aliyejifanya mkurugenzi. Wakaomba ulinzi, na kwa nia njema kabisa mwenye seva akawawekea sharti kwenye kichujio cha mfumo: kila barua inayoingia kutoka nje iongezewe neno [NJE] mwanzoni mwa mstari wa mada. Mstari wa mada ni miongoni mwa vitu ambavyo karibu kila mtumaji huvitia sahihi ya DKIM. Upo ukaguzi mlegevu unaosamehe nafasi zilizozidi na herufi kubwa kugeuka ndogo kwenye jina la kichwa, lakini hausamehi neno jipya. Nilipopekua logi za zamani, mstari wa kwanza wa ** kwa barua za benki ulikuwa wa siku ileile kichujio kilipowekwa. Kijana wa nyaraka alikuwa hana hatia, na niliomba aambiwe hivyo mbele ya wenzake.

Kwa nini hakuna aliyepata barua ya marejesho? Kwa sababu marejesho hayaendi kwa mpokeaji, huenda kwa mtumaji wa bahasha. Gmail ilipokataa, seva yetu ndiyo iliyoandika marejesho na kuyapeleka kwa mtumaji wa asili, benki, kwenye anwani ambayo hakuna binadamu anayeisoma. Hapo kuna madhara mengine ambayo tuliyajua baadaye, nitayafikia.

Huwa najiuliza kwa nini tunashangaa. Forwadi imetoka enzi ambapo seva zilikuwa za vyuo na maabara na kila mtu alimwamini jirani. Itifaki ya SMTP (kanuni za seva kupelekeana barua) ya 1982, ile hati ya RFC 821 ya Jonathan Postel, ilikuwa hata na msimbo 551, ambao seva ingemwambia mtumaji: huyu si wa hapa, jaribu anwani hii. Mtumaji angeipeleka mwenyewe, na leo hii SPF, DKIM na DMARC zote zingepita. Umekufa kwa kutotumika, na sababu inaeleweka: nani anataka kumtajia kila mtuma barua taka anwani ya pili ya mteja wake? Tukabaki na forwadi ya kimyakimya. Kisha Aprili 2014 Yahoo na AOL zikaweka p=reject kwenye vikoa vyao, na orodha za barua za makundi na forwadi duniani kote zikaanza kuvuja. Februari 2024 Google na Yahoo zikakaza tena masharti kwa wanaotuma: kila mtu awe na SPF au DKIM, na wanaotuma kwa wingi (kwa Google, kuanzia barua 5,000 kwa siku) wawe na zote mbili pamoja na DMARC. Mpango uliowekwa miaka kumi iliyopita na haujaguswa tangu hapo umebadilikiwa na dunia nzima.

Nilipokuwa bado ndani ya logi niliona jambo la pili, na kwangu hili ndilo zito. Mistari ya == ilikuwa mingi kupita kawaida, yote ya Gmail, ikiwa na 421 4.7.28: IP hii inaleta barua taka kwa kasi isiyo ya kawaida, punguza. Na barua zilizoahirishwa hazikuwa za kampuni ya forodha peke yake. Zilikuwa za wapangaji wengine wa seva, ikiwemo hoteli moja ndogo ambayo uthibitisho wake wa vyumba ulikuwa unawafikia wageni kwa kuchelewa kwa saa nyingi.

Taka zilikuwa zinatoka wapi? Kwenye faili lilelile la valiases, mstari wa mwisho ulikuwa na nyota: anwani yoyote ya kikoa isiyojulikana iende Gmail ya mkurugenzi. Uliwekwa ili mteja akikosea tahajia barua isipotee. Watuma taka hubuni majina kwa maelfu, juma, sales, admin, test, na kila moja lilipokewa, likaforwadiwa. Kwa macho ya Gmail, aliyezileta taka hizo ni IP ya seva yetu. Haijui, wala haina namna ya kujua kwa uhakika, kwamba seva ilikuwa tarishi tu. Kwenye seva ya pamoja wapangaji wote wanatoka nje kwa IP moja, kama nyumba ya kupanga yenye mita moja ya LUKU: anayepasi nguo usiku kucha na anayewasha taa moja, uniti zikiisha wanakaa gizani pamoja. Forwadi ya nyota ni anasa ambayo anayeifurahia halipii. Anayelipa ni jirani. Mimi ningependa wenye seva waizime kwa kila mpangaji, na asiyeridhika akodi seva yake.

Kabla ya matengenezo tulipokea mapendekezo ya kila aina. Mtu mmoja alikuwa ameshaongeza rekodi ya SPF ya Google kwenye kikoa cha kampuni. Haikudhuru, haikusaidia, maana hakuna aliyekuwa anatuma kupitia Google. Mwingine alitaka seva ibadilishwe IP. IP mpya isiyo na historia inaangaliwa kwa jicho la shaka, na taka zingeifuata huko. Mhasibu alitaka benki ilegeze sera yake, na hapo nilisema hapana kabla hajamaliza: p=reject ndiyo inayomzuia tapeli asimwandikie yeye kwa jina la benki. Lilikuwepo pia wazo la kuandika upya hata anwani inayoonekana, kama orodha za barua zinavyofanya, ili kila barua ionekane imetoka kwa kampuni. DMARC ingepita. Lakini kwa watu waliokwisha kuponea ankara bandia, kuwafundisha kusoma barua zisizoonyesha zimetoka kwa nani ni kuwaandalia ankara inayofuata. Ipo ARC, RFC 8617 ya 2019, ambayo seva inayoforwadi huitumia kushuhudia kwamba barua ilipoingia ilikuwa safi, na Google inaipendekeza kwa wanaoforwadi mara kwa mara. Sharti ni mpokeaji akuamini wewe shahidi. Kwa seva iliyokuwa inapokea 421 wakati ule, ushahidi huo usingekuwa na uzito.

Tulianza na nyota. Mstari ule ukabadilishwa kuwa :fail:, ili anwani isiyokuwepo ikataliwe mlangoni wakati seva ya mtumaji bado ipo kwenye laini. Mteja aliyekosea tahajia anajulishwa mara moja na seva yake mwenyewe, na taka haziingii kabisa. Usiweke :blackhole:. Hiyo hupokea na kutupa kimya, na aliyekosea herufi moja atasubiri jibu mpaka achoke.

Lebo ya [NJE] tukaiondoa kwenye mada. Wazo la lebo lilikuwa zuri, pahala ndipo palikuwa pabaya. Badala yake kichujio kinaongeza kichwa kipya chenye jina la kampuni ambacho mtumaji hakukitia sahihi, hivyo DKIM haiguswi, na programu ya barua ofisini inakisoma kichwa hicho na kuipaka barua rangi. Kwenye simu rangi haionekani. Mkurugenzi alilalamika, nami nikamkubalia kwamba ni hasara ya kweli. Akaamua malipo yote yathibitishwe kwa simu, jambo ambalo lingemfaa hata kama lebo ingebaki.

Kisha visanduku. Hapa ndipo ubishi ulipokuwa. Hesabu na nyaraka zilipewa visanduku halisi kwenye seva, nafasi ikaongezwa kwa kulipia kifurushi cha juu, na wahusika wakaviunganisha kwa IMAP. Barua haiondoki tena kwenye seva; mtu ndiye anayeifuata. Hakuna SPF ya kuvunjika, hakuna Gmail ya kuamua, hakuna jirani wa kuumia. Mkurugenzi alikataa katakata kufungua programu nyingine kwenye simu. Tulimwongezea akaunti ya kampuni ndani ya programu ya Gmail yenyewe, kwa IMAP, maana kwenye Android inakubali akaunti zisizo za Google. Anabonyeza alama ileile aliyoizoea. Tulihakikisha pia kwamba anapojibu, barua inatoka kwa seva ya kampuni na jina la kampuni, kwa nenosiri lake mwenyewe.

Info tuliielekeza kwenye visanduku viwili vya ndani, cha nyaraka na cha mkurugenzi. Forwadi ya ndani ya seva haina kasoro hata moja ya hizi, kwa sababu barua haitoki nje kwenda kukaguliwa na mtu mwingine. Watu wakisikia forwadi ni mbaya huzima hata hizi, bila sababu.

Kwa seva nzima, mwenye seva aliwasha kipengele cha kutoforwadi nje barua ambayo SpamAssassin, programu ya kupima taka, imeipa alama za juu za taka, na akaweka kikomo cha barua zinazotoka kwa saa kwa kila kikoa. SRS ilibaki imewashwa. Wapo wapangaji wengine wanaoforwadi, na bila SRS hali yao ingekuwa mbaya zaidi. Foleni ilipungua taratibu. Sifa ya IP haisafishwi kwa kubonyeza kitufe. Gmail iliendelea kutoa 421 kwa muda, ikipungua, mpaka ikanyamaza.

Na bado taarifa za benki hazikuja. Logi safari hii haikuwa na ** wala ==; haikuwa na kitu. Hakuna hata <= moja kutoka benki. Hapo ndipo tulipoyaelewa yale madhara ya marejesho. Mifumo inayotuma barua kwa wingi, ikipata 550 ya moja kwa moja mara kadhaa, huiweka anwani kwenye orodha ya anwani mbovu na kuacha kuiandikia. Benki ilikuwa imeacha kutuma. Mhasibu alikwenda tawini mara kwa mara, na kila mara aliambiwa anwani iko sahihi kwenye mfumo, na kweli ilikuwa sahihi: iliyoifungia ni orodha nyingine kabisa, ya mfumo wa kutuma barua, ambayo karani wa dirishani haioni. Kilichosaidia ni kuandika kwa kitengo cha huduma za kidijitali cha benki, tukiambatanisha mistari ya logi, tarehe na msimbo wa 550, tukiomba kwa maneno hayohayo anwani iondolewe kwenye orodha ya waliorudisha barua. Shirika la meli lilikuwa jepesi zaidi; walifuta na kuisajili anwani upya kwenye lango la wateja.

Hoteli ilikuwa imeshachoka. Ilihamisha barua zake kwa mtoa huduma mwingine wa kulipia na kubadilisha rekodi za MX, zinazoonyesha barua za kikoa zipelekwe seva gani, ila tovuti ikaiacha palepale. Siku chache baadaye kampuni ya forodha, ambayo huwawekea wageni wake vyumba hapohapo, ikaanza kulalamika kwamba hoteli haijibu. Maombi ya vyumba yaliyojazwa kwenye fomu ya tovuti ya hoteli nayo yalikuwa hayafiki. Wengine wote duniani waliipata hoteli bila shida.

Sababu iko kwenye faili la /etc/localdomains. Kikoa kikiwa humo, Exim haihangaiki kuuliza MX. Inajua barua ni ya nyumbani na inaiweka kwenye kisanduku cha hapohapo. Hoteli ilihama, lakini seva haikuambiwa. Kila barua iliyoandikwa na mpangaji mwenzake, au na fomu ya tovuti yake yenyewe, iliangukia kwenye kisanduku cha zamani ambacho hakuna aliyekuwa anakifungua. Kwenye cPanel ni mpangilio mmoja, unaogeuza kikoa kutoka cha ndani kuwa cha nje na kukihamishia kwenye /etc/remotedomains. Tulikigeuza, tukanakili barua zilizokwama kwa imapsync kwenda kisanduku kipya, na meneja wa hoteli akaanza kuwapigia waombaji vyumba mmojammoja. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kulala kwingine.